Maili 250, Kilomita 402: Kuzisoma Namba za RAM Kabla ya Kulipa

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita nchi ambayo wajenzi wake hawakuijua majina, kwa hiyo walihesabu maili. Mahali ambapo leo pana mji wa Sultan Hamud, katika kaunti ya Makueni, palijulikana kwao kwa maili yake, ya 250. Kisha akaja kupazuru Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, na namba ikalipisha jina. Ukizigeuza maili hizo ziwe kilomita, unapata 402 hivi. Mahali hapakusogea. Anayesema 402 hakufika mbali kuliko anayesema 250.

Kosa la kudhani kwamba namba kubwa ni mwendo mkubwa ndilo linalowagharimu wanunuzi wa RAM za laptopu kila siku. Kwa mtu wa Nairobi kosa hilo ni la kuvuka barabara na kurudi dukani. Kwa mtu wa Sultan Hamud ni nauli ya zaidi ya kilomita mia moja kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, na siku nzima ya kazi imepotea.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye HP EliteBook 840 G3, mashine ya kizazi cha mwaka 2016, moja ya zile zinazomaliza utumishi katika ofisi za ng'ambo kisha zikauzwa Kenya kwa jina la “ex-UK”. Imekuja na RAM ya GB 4. Akifungua daftari la alama za wanafunzi na kurasa tano za intaneti, inaanza kuvuta miguu. Fundi wa mtaani amemwambia aongeze RAM. Dukani Nairobi anawekewa kadi mbili mezani. Moja imeandikwa PC3L-12800S, ya pili PC4-2400T. “Mwalimu, chukua hii ya 12800,” anaambiwa. “Hiyo ya 2400 iko chini sana.”

Kwa macho tu, nani angebisha? Lakini ya 2400 ndiyo yenye kasi zaidi, mara moja na nusu, na hiyo ya 12800 haiwezi hata kuingia kwenye mashine yake.

Tuanze na hilo la kuingia. Neno la kwanza la kusoma kwenye RAM ni kizazi chake: DDR3, DDR4 au DDR5. Vizazi hivi hupangwa na JEDEC, chombo cha viwanda vya chipu chenye makao yake Marekani, ambacho huamua umbo, umeme na mwendo wa kila kadi ili ya Samsung na ya Micron ziweze kukaa kwenye mashine moja. DDR ya kwanza ilitangazwa mwaka 2000, DDR2 mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012 na DDR5 mwaka 2020. Kila kizazi kina pengo lililokatwa mahali pake kwenye ukingo wenye pini za dhahabu, na idadi yake ya pini. Kadi ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262. Hakuna kulazimisha. Anayebonyeza kwa nguvu atavunja sloti, na sloti ikivunjika kazi inageuka ya kuchomelea bodi kuu.

Ukikuta PC3 mwanzoni mwa stika, hiyo ni DDR3. PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Laptopu nyingi za Kenya zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne au cha tano, kama EliteBook 840 G1 na G2, hutumia DDR3L. EliteBook 840 G3, ThinkPad T470 na T480 hutumia DDR4.

Sasa namba zenyewe. Herufi DDR zina maana kwamba data husafirishwa mara mbili katika kila pigo moja la saa ya RAM. Saa ikipiga mara milioni 800 kwa sekunde, data husafiri mara milioni 1,600, na kadi inaitwa DDR3-1600. Kila safari hubeba biti 64, ambazo ni baiti 8. Zidisha 1,600 kwa 8 upate 12,800, yaani megabaiti 12,800 kwa sekunde. Ndiyo PC3-12800. Kadi ni ile ile, majina mawili.

Mkazi wa Sultan Hamud ana njia rahisi ya kulikumbuka hili, kwa kuwa Barabara ya Mombasa inapita mlangoni pake. Mtu mmoja akae kando ya barabara ahesabu malori, mwingine akae kwenye mizani ahesabu tani. Kama kila lori limebeba tani nane, wa kwanza ataandika 1,600 na wa pili ataandika 12,800. Daftari zao hazifanani, lakini msafara walioutazama ni mmoja.

Kwa hiyo DDR3-1333 huandikwa PC3-10600, na DDR3-1600 ni PC3-12800. Upande wa DDR4, 2133 ni PC4-17000, 2400 ni PC4-19200, 2666 ni PC4-21300 na 3200 ni PC4-25600. DDR5-4800 ni PC5-38400, na DDR5-5600 ni PC5-44800. Baadhi ya tani hizi zimekatwa mikia ili zitamkike vizuri: 2,133 mara nane si 17,000 kamili, na 10,600 ilipaswa kukaribia 10,667. Usihangaike na tofauti hiyo.

Mambo yangeishia hapo kama wenye stika wasingebadilisha lugha katikati ya safari. Katika kadi za DDR3, stika ya kiwandani ilihesabu tani: PC3L-12800S. Ilipokuja DDR4, JEDEC ikabadili utaratibu wa lebo, na stika ikaanza kuhesabu malori: PC4-2133P, PC4-2400T, PC4-2666V, PC4-3200AA. Wakati huohuo, wauzaji wengi kwenye maboksi na matangazo yao wakaendelea na tani, PC4-19200. Ndiyo maana kadi moja inaweza kuitwa 2400 kwenye stika, 19200 kwenye tangazo, na mwalimu wetu akawekewa 12800 ya zamani kando ya 2400 mpya akaambiwa alinganishe. Ni kama kulinganisha tani za msafara mmoja na idadi ya malori ya msafara mwingine.

Kanuni ya kutembea nayo ni fupi: namba ya PC ikiwa na tarakimu tano, igawe kwa nane; ikiwa na tarakimu nne na inaanza na PC4, iache ilivyo. PC3 ya tarakimu nne ipo pia, PC3-8500, hiyo ni DDR3-1066 na ni ya kugawa, lakini kadi hiyo ni kuukuu kiasi kwamba mnunuzi wa leo hana haja nayo.

Halafu kuna namba ya tatu, inayozua ugomvi dukani. Mteja ananunua kadi ya 2400, anafika nyumbani, anafungua programu ya CPU-Z, anaona karibu 1200 MHz. Ameibiwa nusu? Hapana. CPU-Z inamwonyesha mapigo ya saa, si safari za data. Safari ni mara mbili ya mapigo, kwa hiyo 1200 hapo ni 2400 ya stika, na 800 ni 1600. Kwa miaka mingi Windows yenyewe ilichangia mkanganyiko huu kwa kuandika “2400 MHz” mahali ambapo haikuwa MHz hata kidogo. Mwaka 2024 Microsoft ilisahihisha Windows 11, ikaanza kuandika MT/s, kipimo cha mamilioni ya safari kwa sekunde.

Rudi kwenye stika, maana ina mengine ya kusema. Chukua hii: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S-11. Ukubwa ni GB 4. 1Rx8 inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa. Kwa mnunuzi wa kawaida inatosha kujua kwamba kadi za DDR4 zilizoandikwa 1Rx16, zile zenye chipu nne tu, kwa kawaida ni nzito kidogo kwa mwendo kuliko 1Rx8 za namba ile ile. Herufi S baada ya 12800 inasema kadi ni ya laptopu. Ikiwa U, ni ya kompyuta ya mezani, ndefu karibu mara mbili, na ikiwa R ni ya seva. Kwenye DDR4 herufi hiyo imehamia mbele kidogo: PC4-2400T-SA1 ni ya laptopu, PC4-2400T-UA1 ni ya mezani.

Herufi L ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo yenye madhara. PC3 bila L hutaka volti 1.5. PC3L hutaka 1.35, lakini inavumilia 1.5 pia. Kadi yenye L basi inaweza kukaa kwenye mashine ya zamani ya DDR3, ila kinyume chake hakikubaliki: prosesa za laptopu za Intel za kizazi cha nne zenye herufi U, kama i5-4300U iliyomo katika 840 G1 nyingi, zinataka L. Ukizipa PC3 ya kawaida, kadi itaingia vizuri, itabana, skrubu zitafungwa, na kioo kitabaki cheusi. Fundi asiyelijua hili atasema bodi kuu imekufa. Kabla hujakubali mashine yako izikwe, uliza kama kadi ina L.

Je, kasi yenyewe ina uzito gani? Hapa mwandishi wa makala haya ana msimamo, na wauzaji hawataupenda: kati ya mambo yote yaliyoandikwa kwenye stika, kasi ndiyo ya mwisho kulipiwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba mashine ina kikomo chake. Prosesa ya i5-6300U katika 840 G3 haisomi DDR4 kwa kasi inayozidi 2133. Iwekee kadi ya 2400 au ya 3200, itafanya kazi bila shida, lakini kwa 2133. Kila kadi ina chipu ndogo inayohifadhi orodha ya mwendo inaoweza, na mashine ikiwashwa huisoma orodha hiyo ikachagua panapoifaa. ThinkPad T480 yenye i5-8350U hufika 2400. Kwa hiyo ukikuta ya 3200 na ya 2400 kwa bei moja, chukua yoyote. Ukiambiwa uongeze pesa kwa ajili ya 3200 uitie kwenye 840 G3, unalipia mbio ambazo mashine yako haitazikimbia kamwe.

Ya pili ni ya ng'ombe wa plau. Mkulima wa Ukambani anajua kwamba ukifunga nira ng'ombe wawili, mwendo wa jembe ni wa yule mzito. RAM ni hivyo hivyo. Kadi ya zamani ya 2133 ikikaa kando ya mpya ya 2666, zote mbili huenda kwa 2133. Haziharibiki, wala haziudhiani, zinalingana tu.

Ya tatu inahitaji hesabu kidogo. Ile 11 mwishoni mwa stika ya DDR3 ni idadi ya mapigo ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data ya kwanza. Kwenye DDR4 herufi ndiyo inayoficha namba hiyo: P ni 15, T ni 17, V ni 19, AA ni 22. Watu huona 22 ni kubwa kuliko 11 wakadhani RAM mpya ni goigoi. Lakini mapigo yenyewe yamekuwa mafupi. Mapigo 11 ya DDR3-1600 ni nanosekunde 13.75. Mapigo 17 ya DDR4-2400 ni nanosekunde 14.17 hivi. Mapigo 22 ya DDR4-3200? 13.75 tena. Kusubiri lori la kwanza hakujabadilika kwa vizazi viwili. Kilichobadilika ni wingi wa malori yanayofuata nyuma yake. Anayehariri video atayaona malori hayo. Mwalimu anayejaza alama, au kijana wa Ajira, mpango wa kazi za mtandaoni, anayenakili sauti kuwa maandishi, hatayaona.

Atakachokiona ni ukubwa. RAM ikijaa, kompyuta huanza kumwaga mizigo yake kwenye diski, ambako ni polepole mno, na hapo ndipo kubonyeza kitufe kunageuka kuomba dua. Kutoka GB 4 hadi 8 ni tofauti ya kila siku. Na kama mashine bado ina diski kuu ya kuzunguka, pesa ya kwanza iende kwenye SSD kabla hata ya RAM.

Baada ya ukubwa, idadi ya kadi. Laptopu zenye sloti mbili husoma kadi zote mbili kwa pamoja, njia mbili badala ya moja, na uwezo wa kupitisha data kwa hesabu unakuwa mara mbili. Kadi mbili za GB 8 za 2133 zina njia pana kuliko kadi moja ya GB 16 ya 2666. Hili linaonekana hasa kwenye picha na michezo, kwa sababu laptopu nyingi za ofisi hazina RAM ya picha ya pekee. Zinakopa kwenye hii hii.

Lakini si kila laptopu ina sloti mbili, na hapa ndipo penye uchungu zaidi kwa aliyekwisha kulipa. ThinkPad X240 ina sloti moja tu na kikomo cha GB 8. T440 ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi pamoja na sloti moja, ilhali T440p, ambayo jina lake limezidi kwa herufi moja, ina sloti mbili. T470 ina mbili; T470s ina moja na nyingine imechomelewa. X1 Carbon na MacBook Air hazina sloti kabisa. Katika mashine za namna hiyo utakuta LPDDR, RAM ya umeme mdogo, yenye namba za kuvutia kama 4266 au 6400. Namba ni za kweli, ila umenunua GB ulizonunua na ndizo utakazokufa nazo.

Hayo yote hayahitaji bisibisi kuyajua. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha Memory. Utaona kasi, na chini yake mstari wa “Slots used”. Ukisoma 1 of 2, una nafasi. Kwenye “Form factor”, neno SODIMM ni habari njema. “Row of chips” maana yake imechomelewa. Wanaotumia Linux waandike sudo dmidecode -t memory kwenye dirisha la amri, nao watapata hata jina la kiwanda. Kisha fungua kifuniko, piga picha ya stika iliyomo, uihifadhi kwenye simu. Picha hiyo, ikitumwa dukani kwa WhatsApp kabla ya safari, inamaliza mabishano mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Jambo moja la pembeni, lakini si dogo. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane na kuendelea. T480 yenye i5-8350U inapita, 840 G3 haipiti. Kuiongezea 840 G3 RAM bado kuna maana kwa anayehamia Linux. Asiyetaka kuhama apime kwanza kama pesa hiyo isingekuwa mwanzo wa mashine nyingine.

Soko nalo limegeuka. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zilipanda kwa kishindo, kwa sababu viwanda vikubwa vya chipu, Samsung, SK hynix na Micron, vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuacha kuuza chapa ya Crucial kwa wateja wa rejareja. Kadi iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa, ambayo zamani ilitupwa kwenye kopo la fundi, sasa ni bidhaa. RAM haichakai kama betri, kwa hiyo usiogope iliyotumika. Ogopa stika iliyobandikwa juu ya stika. Kilichoandikwa kwenye karatasi kilipe thamani ya karatasi; amini kinachosomwa na mashine kadi ikiwa ndani. Ndiyo maana inafaa kubeba laptopu yenyewe, na muuzaji asiyekubali kadi ijaribiwe mbele yako mwachie kadi yake.

Kazi ya kuiweka haizidi dakika kumi. Zima mashine kabisa, chomoa chaja. 840 G3 ina betri ya ndani, nayo ichomolewe kwenye bodi kabla ya kugusa kitu. ThinkPad nyingi za T zina chaguo ndani ya BIOS la kuilaza betri ya ndani. Gusa chuma kuondoa umeme wa mwilini. Ingiza kadi ikiwa imeinama, hadi dhahabu isionekane, kisha ilaze mpaka vishikio vya pembeni vilie. Ukiwasha mara ya kwanza, kioo kinaweza kukaa cheusi kwa muda mashine ikifahamiana na mgeni. Usiizime kwa pupa.

Mwalimu wetu, ikiwa alichukua PC4-2400T-SA1 ya GB 8 na kuiacha ile ya 12800 mezani, akifungua Task Manager ataona GB 12, sloti 2 of 2, na kasi ya 2133. Mtu wa kwanza kuchungulia begani atamwuliza mbona amenunua 2400 akaletewa 2133.